Msitu wa Arabuko-Sokoke kwa miguu: toka na Alfajiri, tembea polepole

Ukipanda matatu ya Malindi kwenda Mombasa, ukishaiacha njia panda ya Gede, msitu unaanza kukufuata mkono wa kulia na hauishi haraka. Watu wengi wa pwani wameupita maisha yao yote, wakienda harusi Kilifi, wakienda hospitali Mombasa, wengine wakiwa kwenye basi la kutoka Mokowe huko Lamu wamechoka hawana hamu ya kutazama nje, na hawajawahi kutia mguu ndani. Wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya, darubini shingoni, waje kuutazama msitu wa Arabuko-Sokoke. Sisi wenyewe tunaupita tukisinzia. Jambo hili huniuma, ndiyo maana naandika.

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, mtaa wa Shela. Msitu huu nimefunzwa na waongozaji wa Gede, wengi wao Wagiriama waliozaliwa ukingoni mwake, na kila ndugu akija likizo kutoka Lamu au Mombasa humtoa nyumbani alfajiri nikampeleka. Haya ndiyo ninayowaambia kabla hatujatoka.

Ujue unakwenda kuona nini

Arabuko-Sokoke si mahali pa simba na twiga. Wala si msitu wa mvua kama ule wa Kakamega, ingawa wengi huuita hivyo. Kakamega kuna unyevu mwaka mzima. Huu wetu ni msitu mkavu wa pwani: upande wa mashariki, karibu na bahari, hupata mvua ya milimita elfu moja hivi kwa mwaka, na upande wa kaskazini-magharibi hupungua mpaka kama 600. Zamani misitu ya aina hii ilitanda pwani kutoka Somalia hadi Msumbiji. Leo vimebaki vipande, na hiki cha kwetu, chenye kilomita za mraba kama 420, ndicho kipande kimoja kikubwa kuliko vyote Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ni hifadhi ya misitu, na sehemu ndogo ni hifadhi ya taifa. Shirika la Misitu na Shirika la Wanyamapori wanausimamia pamoja.

Ndovu wamo. Nyati wamo. Lakini wanajua kujificha, na anayekwenda kwa ajili yao peke yao huenda akarudi amenuna. Utajiri wa msitu huu uko kwa wadogo: mnyama wa nusu kilo anayekimbia juu ya majani makavu, bundi anayeenea kiganjani, ndege wa manjano na mweusi asiyeonekana popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi, na vipepeo wa aina zaidi ya mia mbili. Wadogo hawamngoji mtu mwenye haraka. Ukilishika hilo, safari yako imekwisha kuwa nzuri kabla hujafika.

Tena msitu wenyewe si mmoja. Ni mitatu iliyoshikana, na udongo ndio unaoigawa. Karibu na lango la Gede kuna miti mchanganyiko, mirefu, yenye kivuli kizito. Hapo ndipo penye mbambakofi, mti ule wa milango na sanduku za wazee wetu, na msandarusi uliotoa sandarusi, utomvu uliosafirishwa kwa majahazi enzi za biashara ya zamani. Ukiendelea ndani utafika penye mchanga mweupe, na ghafla kunakuwa na mwanga: hiyo ni mirihi, miti yenye nafasi baina yake, na majani yake yakichipua huwa mekundu ya shaba kabla ya kugeuka kijani. Ndege wengi wako hapo. Mbali zaidi, upande wa magharibi, udongo unakuwa mwekundu na miti inakuwa mifupi, imesongamana, giza. Wengi huona huko hakuna kitu wakageuza. Bundi mdogo anaishi huko.

Lini na kwa njia gani

Swali la kwanza ninaloulizwa ni mwezi gani. Mimi napenda kipupwe, Juni hadi Agosti, kwa sababu jua halichomi na msitu bado una kijani cha masika. Wanaofuata ndege wahamiaji huja kuanzia Oktoba hadi Machi. Masika yenyewe, Aprili na Mei, njia za udongo mwekundu huteleza na gari hukwama, lakini kwa miguu karibu na Gede panapitika, na mvua ikikatika vyura hulia kila kidimbwi mpaka unashindwa kumsikia mwenzako. Januari na Februari ni joto la kaskazi. Ukienda miezi hiyo, saa nne asubuhi uwe umeshatoka.

Saa ina uzito kuliko mwezi. Msitu uko macho kuanzia mapambazuko hadi kama saa tatu, kisha unalala mpaka saa kumi jioni. Mtu anayefika saa tano na familia nzima atakuta kimya na joto, atasema ameibiwa pesa. Kwa hiyo sisi husali Alfajiri, tukanywa chai kwa mahamri yaliyosazwa usiku, tukatoka. Tuk-tuk hadi stendi, kisha matatu yoyote inayoelekea Kilifi au Mombasa. Gede iko kama kilomita kumi na nane kutoka Malindi. Mwambie makanga akushushe kwenye kituo cha msitu, ambacho kiko kama kilomita moja na nusu baada ya njia panda ya kwenda Watamu. Usishuke sokoni Gede ukadhani umefika. Ikiwa umeshuka hapo, bodaboda ziko tele.

Wanaotoka Lamu nawashauri walale Malindi. Basi la asubuhi kutoka Mokowe, likipitia Witu na Minjila, linakufikisha mchana au alasiri, na kwa wakati huo msitu haukufai. Lala kwa ndugu au kwenye gesti, uamke nao.

Beba kitambulisho, maana mwananchi hulipa kiingilio chake na mgeni wa nje chake, na bila kitambulisho hutaweza kubishana. Malipo jiandae kufanya kwa simu. Ada hubadilishwa mara kwa mara, basi uliza siku mbili tatu kabla, ili msije mkahesabiana shilingi langoni wakati ndege wanalia.

Mwongozaji si anasa

Hapa ndipo ndugu zangu hupenda kubana matumizi, na hapa ndipo ninapokataa. Utaambiwa njia zimewekwa alama, na kweli njia fupi za karibu na lango mtu anaweza kuzipita peke yake. Lakini utakuwa unatazama miti tu. Waongozaji wa Arabuko-Sokoke wana chama chao na utawapata pale kituoni Gede. Ni vizuri kupiga simu siku moja kabla ili wakusubiri asubuhi.

Mzee mmoja ambaye nimetembea naye zaidi ya wengine wote husimama katikati ya sentensi. Anainua kidole, na wewe hujasikia kitu. Anasema, "Mwanangu, huyo yuko juu ya mrihi wa pili, anashuka." Dakika moja baadaye, kweli, kundi zima linapita: ndege wa aina nane au kumi kwa pamoja, wakitafuta wadudu tawi kwa tawi, kila mmoja ghorofa yake. Ndivyo ndege wa mirihini wanavyotembea. Unaweza kukaa nusu saa bila kuona bawa, kisha wakaja wote kwa mara moja, wakapita, pakawa kimya tena. Asiyejua hukata tamaa dakika ya ishirini na tano akaondoka. Mzee hukaa chini, akavua kofia, akangoja.

Humo kundini ndimo hupita mnana wa Kilifi, yule wa manjano na mweusi niliyemtaja. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua anataga wapi. Mwaka 2013 viota vyake vilipatikana kwenye kinamasi huko Dakatcha, kaskazini ya hapa Malindi. Ndege wa kwetu, na siri yake ilikuwa kwetu.

Jambo la kumwomba mwongozaji: asicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwavuta. Waongozaji wazuri wenyewe hawapendi. Ndege akisikia sauti ya mwenzake hudhani amevamiwa, anaacha kula na kulea makinda, anakuja kupigana na simu. Ukitaka picha, ngoja.

Nguo, hasa kwa kina mama

Nasema kama fundi wa nguo. Msituni kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Buibui jeusi msituni ni mwaliko. Wanawake wa kwetu wengi hushindwa hapo, wakadhani msitu si mahali pao. Stara haina shida na msitu. Vaa suruali pana ya pamba, juu yake gauni au kanzu inayofika magotini, ya rangi ya kaki, ya udongo au ya kijani kilichofifia, na ushungi wa kitambaa kizito kidogo uliobanwa vizuri usipepee. Hariri na shifoni hunaswa na miiba. Dera refu hukokota majani, nalo majani makavu yanapokokotwa kila mnyama anajua umekuja. Mabinti wangu nimewashonea wenyewe kanzu za namna hiyo, zina mifuko miwili mikubwa ya kutia chupa ya maji.

Miguuni viatu vya kufunika, soksi ndefu, na ncha za suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Sandali na ndara ziache nyumbani. Baada ya mvua siafu huvuka njia kwa misururu mipana, na mwenye ndara ndiye wa kwanza kupiga kelele. Upupu nao upo. Ukiona maganda yenye manyoya ya kahawia yamening'inia, pita kando wala usiguse, wala usimruhusu mtoto achezee.

Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Chupa iwe ya kutumika tena: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutupwa, zikiwemo chupa za maji za dukani, zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya, misitu na fukwe zikiwemo. Chakula kiwe kikavu kisichonukia sana: tende, ndizi, njugu, mahamri. Wacha biriani nyumbani. Kima na nyani wana pua na hawana haya. Na usiwarushie hata ganda la ndizi, maana nyani aliyezoea kulishwa ndiye anayekuja kupigwa risasi shambani kwa mtu.

Kutembea kwenyewe

Kwa siku ya kwanza chukua muda wa saa tatu tu, usizidishe. Si umbali unaotafuta. Msiwe zaidi ya watano au sita na mwongozaji. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, na simu zizimwe sauti. Mpwa wangu wa Lamu, mtoto wa kakangu, mara ya kwanza aliniambia baada ya dakika kumi, "Shangazi, mbona hamna kitu?" Nilimwambia afumbe macho ahesabu sauti. Alifika saba, akanyamaza mwenyewe, na hakuuliza tena.

Na tazama chini. Watu msituni hutembea wameinua kichwa, wanatafuta nyani na hondohondo. Hondohondo utamsikia tu, analia kama mtoto mchanga, hana haja ya kutafutwa. Ardhini ndipo penye mambo. Utaokota kokwa za mbambakofi, nyeusi zinazong'aa, zimevikwa kofia nyekundu upande mmoja. Zishike, zitazame, uzirudishe. Utaona nyayo ndogo za paa kwenye mchanga mweupe, zenye ncha mbili, hazizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mwongozaji atakuonyesha ni za jana au za leo.

Sasa sange, yule mnyama wa nusu kilo niliyemtaja. Huyu ndiye mwenyeji hasa wa Arabuko-Sokoke, maana wengi wa aina yake waliobaki duniani wako humu. Jamaa zake wako sehemu nyingine za Afrika, lakini mwenye kiuno cha dhahabu ni wa pwani hii. Utamsikia kwanza: majani makavu yanakwaruzwa, yananyamaza, yanakwaruzwa tena. Simama hapo hapo. Usipige hatua, hata kama umesimama mguu mmoja mbele. Akijitokeza utaona mnyama wa rangi ya kahawia iliyokoza, miguu myembamba mirefu, na pua ndefu inayopindapinda, inachokoa chini ya majani bila kupumzika. Anatafuta mende, jongoo, minyoo. Kisha anageuka, na sehemu yote ya nyuma ni ya manjano iliyoiva. Akikuona hupiga mkia chini, tap, tap, tap, juu ya majani, akimjulisha adui kwamba ameonekana na hakuna haja ya kujisumbua. Ukisogea anaruka, na unabaki kuona manjano ikipotea baina ya mashina.

Watafiti waliompima walikuta ngozi ya hapo penye manjano ni nene kuliko mahali pengine mwilini. Inadhaniwa rangi ile humvuta adui ashike pale, sange akasalimika. Huishi wawili wawili, dume na jike, maisha yao yote katika eneo moja, lakini mara nyingi hutembea kila mmoja peke yake. Hulala kwenye viota vya majani makavu wanavyovijenga ardhini, vingi, wasilale kimoja siku zote. Ukipita utaona rundo la majani tu. Ndiyo sababu tunakatazwa kutoka njiani: ukikanyaga rundo, umekanyaga nyumba.

Utakapoona waya mwembamba umefungwa kitanzi chini ya kichaka, ni mtego. Usiuguse, usiutegue, mwonyeshe mwongozaji. Sange na paa ndio wanaonaswa. Utaona pia visiki vya muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri unaopendwa na wachongaji. Kwa hiyo ukitaka kununua kinyago, Malindi au Mombasa, muulize muuzaji ni mti gani na umetoka wapi. Muulize kwa adabu, lakini muulize. Mimi huuliza kila mara, na wapo wauzaji ambao sasa wananijibu kabla sijafungua mdomo: "Bi, huu mwarobaini." Mwarobaini hupandwa mashambani na hukua haraka, basi hapo nanunua.

Bundi

Kwetu bundi ni uchuro. Akilia juu ya paa watu husoma dua, wengine humrushia mawe. Sitabishana na mtu juu ya imani yake, lakini huyu wa Sokoke hana ugomvi na nyumba ya mtu. Ana urefu wa sentimita kumi na sita hivi, anakula wadudu, na hatoki msituni. Wanasayansi walimtambua miaka ya 1960 tu. Makao yake makubwa ni haya, na wengine wachache wako kwenye vilima vya Usambara Mashariki, Tanzania.

Kuna njia mbili za kumwona. Ya kwanza ni mchana, kwa mwongozaji anayejua wapi wamelala. Utapelekwa kwenye ile sehemu ya udongo mwekundu, mnaingia vichakani mmeinama, kisha unaonyeshwa tawi lililo karibu na kimo chako, na huoni kitu. Endelea kutazama. Kuna vibonge viwili vya manyoya vimebanana bega kwa bega. Kimoja huenda kikawa cha kijivu na kingine chekundu cha kutu, maana wana rangi mbalimbali. Wamefumba macho nusu. Tazama dakika mbili, ondoka. Usitumie mwanga wa kamera, na usimwambie mwongozaji awasogeze upate picha nzuri.

Njia ya pili ni jioni, baada ya Magharibi, kusikiliza. Analia sauti fupi ya mbinja, moja moja, ikirudiwa kwa mpangilio mpaka unaizoea. Hii haifanywi kienyeji. Panga mapema na kituo, uwe na mwongozaji na askari wa wanyamapori, na gari la kuwarudisha. Upande wa Jilore, kwa anayetoka Malindi kwa barabara ya kwenda Tsavo, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ndovu

Askari nimewataja kwa sababu ya ndovu. Msitu umezungushiwa uzio wa umeme ili ndovu wasiingie mashambani, na kwa jumla umesaidia. Usiuguse uzio huo, wala usimwegemeze mtoto. Karibu na lango la Gede asubuhi hatari ni ndogo. Ukienda ndani kwenye madimbwi, au jioni, mambo ni mengine. Mavi yakiwa bado yana unyevu, matawi yamevunjwa na majani hayajanyauka, maji ya dimbwi yamevurugwa: mwongozaji akisema turudi, rudini, hakuna mjadala. Mkimwona ndovu, simameni pamoja, msikimbie, msipige kelele, mrudi nyuma polepole mkiwa mmeuacha upepo utoke kwake uje kwenu.

Kwa mwenye gari, mahali pa kufika jioni ni Nyari. Ni ukingo wa juu, na ukisimama pale unauona msitu wote chini yako, na kwa mbali mkondo wa Mida na bahari. Nyari hapahitaji maelezo zaidi. Nenda.

Ukishatoka msituni

Saa tatu na nusu, nne, mmetoka, mmejikagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni, na watoto wana njaa. Msirudi Malindi bado. Panda bodaboda hadi magofu ya Gede. Ule ni mji wa Waswahili uliokaliwa kwa karne kadhaa na kuachwa karne ya 17, na msitu ukaumeza. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman. Kuna msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi huwaonyesha watoto mihrabu, na vyoo, na mifereji ya maji, kwa sababu ndivyo vinavyowafanya waone kwamba ni watu walioishi hapo. Tembeeni taratibu hata humo, kwani sange huonekana mara nyingine kwenye miti inayozunguka magofu.

Hapo hapo mlangoni kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo: jike huchukuliwa kutoka msituni, anataga, viwavi wanalishwa majani mpaka wajigeuze mabuu ndani ya ganda, na mabuu hayo yanapokuwa tayari husafirishwa kwenda kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kabla ya hapo wakulima wengi waliona msitu ni ndovu wa kula mahindi na askari wa kukamata watu, na walitaka ukatwe wapate mashamba. Lakini mti wa kulishia kiwavi ukikatwa, kipepeo hana. Waombe wakuonyeshe mabuu: mengine ni ya kijani, mengine yana madoa yanayong'aa dhahabu. Nunua asali yao ukiweza. Mimi siondoki bila chupa.

Wenye nguvu bado waende Mida jioni. Kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Ni la mradi uitwao ASSETS, unaoendeshwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na kiingilio chake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na mkondo. Hapa angalia maji. Yakiwa yamekupwa sana ndege wako mbali kwenye matope, utaona vitone. Fika maji yanapojaa, hasa siku za bamvua, yaani za maji makubwa, yatawasukuma ndege waje mpaka karibu na kibanda: weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, heroe, na wengine wengi waliosafiri kutoka mbali. Ukiwa unatoka Lamu hapa hutahitaji kufundishwa mambo ya maji.

Matatu za kurudi Malindi utazipata barabarani pale Mida. Simama upande wa kushoto ukielekea Gede, mahali dereva anapoweza kukuona, na utoke kabla ya Magharibi kama una watoto, maana jioni nyingi hupita zimejaa.